Swali la Nne

Aberystwyth, mwezi wa tatu, mvua inapiga kwa ubavu.
Karatasi sitini na tatu juu ya meza,
kikombe cha chai kilichoota utando,
na kalamu nyekundu niliyorithi kwa walionisahihisha,
pamoja na mkono wenyewe, nadhani.

Swali la nne: "Eleza hatua za kuzaa kwa kondoo."
Heledd Pugh kaandika mistari sita.
Wa saba umeanza, "Lakini kama mguu"
kisha doa la rangi ya chai, lisilo chai,
kisha weupe mtupu hadi chini.

Mwongozo unataka hoja nane, alama ishirini.
Nikahesabu. Nikampa tano. Nikageuza ukurasa.
Kibaba hakiulizi nafaka imelimwa wapi.

Alhamisi akaja ofisini, tope limegandia butini.
Hakulia. Hakuomba.
"Usiku ule walizaa kumi na mmoja," alisema,
"mmoja mguu umekunjikia nyuma.
Niliunyoosha kwa vidole viwili.
Niambie tu, nilichokosa ni nini?"

Nikafungua mwongozo. Nikaufunga.
Niliutunga mwezi wa tisa,
kabla sijamjua hata mmoja wao kwa jina.

Kikaoni nikapeleka kurasa mbili:
mtu ajue anapimwa nini kabla hajapimwa;
achague kuandika, kusema, au kuonyesha;
tarehe zisikalie mgongo wa msimu wa uzazi;
mrejesho umfikie kosa likiwa bado bichi.
Profesa Gethin Bebb akavua miwani.
"Na viwango?"
Swali halali, sikulikwepa.
Nikasema dari libaki palepale, tuongeze ngazi.
Rhoswen wa masjala akauliza nani atalipia saa za ziada,
na sote tukaanza kutazama biskuti.
Tukapitisha kanuni moja na nusu.
Nusu ni ya majaribio.

Kwa hiyo nusu, mwezi wa nne, Heledd akaleta sauti:
dakika kumi na mbili, zizini, upepo ukigonga mabati,
kondoo wakimkatiza bila kunyoosha mkono.
Akaeleza mguu. Akaeleza jinsi kiganja
kinavyongoja uchungu upite ndipo kisukume,
hoja isiyokuwamo katika nane zangu.
Na akakosea kuhusu dang'a:
eti inaweza kungoja hadi kesho yake. Haingoji.
Nikamwandikia hivyo, kwa penseli, bila kupaka asali,
kisha nikampa alama alizostahili, si za huruma.

Akajibu: "Sawa kuhusu dang'a. Ila njoo uone."

Nimenunua buti. Bado zina kibandiko cha bei.

Usiku huu nimezitoa tena kabatini zile sitini na mbili
nilizokwisha kuzijumlisha na kuzifunga kwa uzi.
Sitafuti alama.
Napitisha kidole pembeni, ukurasa kwa ukurasa,
naangalia kila mmoja aliachia wapi,
na kama pana doa.