Fanya Juu, Todmorden

Mvua ya hapa haina kishindo.
Inanong'ona wiki nzima,
na haba na haba mteremko wangu
unahamia jikoni kwa Bi Ormerod.

Alikuja na ndoo, hakugomba.
"Udongo wako," akasema, akaitua mlangoni
kama anayerudisha paka aliyepotea.

Halmashauri ikamleta Callum, buti za mpira,
akachomeka vigingi, akalaza bomba lenye maji
kutafuta usawa,
kisha akafungua kijitabu, akasema kwa ulimi mzito:
"Hii inaitwa fanya juu."

Nikacheka hadi nikashika uzio.
Fanya juu! Chimba mtaro,
udongo rusha upande wa mlima, usiurushe chini.
Jumamosi zangu zote za Mbooni ziliishia humo,
viganja malengelenge, mama akihesabu hatua,
nami nikiapa kimoyomoyo kwamba nikikua
ardhi itakuwa kazi ya mtu mwingine.

Dukani hawana jembe, wana sepetu.
Nikachimba nayo, nikitukana kwa Kikamba,
mtaro mmoja, ukingo mmoja, majani juu yake,
pipa chini ya bomba la paa.

Novemba, usiku wa mvua, nikatoka na tochi.
Maji yamesimama mtaroni, hayana haraka,
yanazama.
Sikuwa na wa kumwambia saa nane ile.

Kulipokucha nikamrudishia Bi Ormerod ndoo yake,
nimeiosha.
Akachungulia ndani, akaipindua.
"Waridi zangu," akasema,
"zilikuwa zimeshauzoea."