Mwia wa Mia Mbili na Kumi na Tatu

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Wengine walishika nyundo, tupa, msumeno wa chuma;
mimi kalamu, na tangu mwaka wa tisini na nne, kibodi,
ghorofani, kwenye dirisha linaloitazama karakana:
Perrachon na Wanawe, watengeneza ringi,
Montréval, tangu 1921.

Mzee Anthelme alianza na mbao zilizopindwa kwa mvuke.
Ikaja alumini, nyepesi kama uongo mdogo.
Ukutani wamebaki wale waendeshaji wenye nyuso za vumbi,
tairi za akiba zimewapita kifuani msalaba,
na mbio zilipopita mjini mwezi wa saba
kila gurudumu la mbele lilikuwa letu.
Tuseme kila la pili.
Mhasibu halali na neno "kila".

Hasara haibishi hodi.
Ilianza kwa senti, bei ya alumini, bei ya lori,
kisha kaboni, kitambaa cheusi kinachookwa kama mkate,
kikaja na meli kutoka Taiwan, nasi tukakicheka.
Tulicheka miaka minne.
Gharama ya kicheko hicho ninayo, kwa euro.

Wajukuu wakauza kwa kampuni ya Lille.
Lille ikauza kwa mfuko wa Luxembourg.
Mfuko ukatukopesha fedha zetu wenyewe,
kwa riba.
Dawa ya deni ni kulipa;
sisi tulipewa dawa ya usingizi.

Chini, Ghislaine Buffavent alizungusha gurudumu,
akizigusa spoki kwa ukucha, moja moja, akisikiliza.
Iliyolegea huguna. Iliyokazwa mno hulia kama mbu.
Miaka thelathini na moja kwenye stendi ileile,
juu ya mto wa maua alioushona mwenyewe.
Kila asubuhi aliniuliza, "Huko juu vipi, Bwana Tissot?"
Nami nikajibu, "Linazunguka."
Sikudanganya. Baiskeli iliyokatika mnyororo
huzunguka bado,
alimradi ni mteremko.

Asubuhi moja ya Februari hakuinua kichwa.
"Sauti yako," alisema, "imelegea."

Mahakama ya biashara ilitumia dakika kumi na tisa,
pamoja na kutafuta miwani ya hakimu.
Mfilisi alikuwa kijana, Bi Castagnède, mpole,
matope ya uani kwetu kwenye viatu vyake vizuri.
Akaomba orodha: mali upande huu, wawia upande ule.
Mashine ya kukunjia, ya mwaka 1958, iitwayo Shangazi:
euro mia nane, kwa uzito wa chuma.
Stendi ya kunyooshea: euro kumi na mbili.
Mto: hauna thamani.
Nikaandika. Ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya.

Wawia: benki, benki, shirika la umeme,
mwenye alumini, anayetudai tangu kabla ya mkewe kufa,
mwokaji aliyetuletea keki za Krismasi.
Kisha sisi, kwa alfabeti.
Nambari mia mbili na kumi na tatu: Tissot, Évariste,
mishahara ya miezi miwili, na senti sitini na tatu.
Senti nilizifuta kwa aibu.
Nikazirudisha kwa aibu nyingine.

Ghislaine sasa yuko Roanne, kwenye duka la miwani.
Wanasema anakaza vile visikurubu vidogo
akiwa amefumba macho.

Ringi mia tatu na arobaini, zisizotobolewa bado,
alizinunua mnadani Mouloud, mchomeleaji wetu,
kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.
Juni nilimkuta bustanini kwake, nyuma ya reli,
amezisimamisha, moja juu ya mwenzake,
na maharage yanazipanda kwa fujo.

"Na matundu?" nikauliza, kwa mazoea ya kazi.
"Ya nini? Maharage hayakazwi."

Akanijazia mfuko.
Nikatafuta risiti mfukoni mwangu, nimwandikie.