Geji Ishirini na Nane

Vipande sita vimeegemea lango la zizi tangu Novemba:
kigae cha jiwe la Wales, kijivu kama jivu la juzi,
kigae cha udongo, chekundu, kizito kama deni,
bati tupu, bati jeusi,
ubao wa mlachi usiopakwa kitu,
na ubao wa mlachi uliochomwa makusudi
mpaka uso wake ukawa mkaa.
"Hiyo ndiyo fasheni ya kuta," alisema muuzaji.
Nikamtazama.
Kwetu ubao ukiungua, watu huja kutoa pole.

Emrys hupita hapo kila asubuhi na kikombe cha chai,
akivipapasa kama daktari wa mifugo.
Anataka jiwe.
Babu yake alichonga jiwe hilo mlimani
hadi kifua kikajaa vumbi lake.
"Jiwe hukaa miaka mia," anasema.
Sisi je?

Mimi nataka bati.
Sijamwambia sababu. Namwambia bei.

Njombe, mwaka niliokuwa darasa la tano,
mama aliuza maharage misimu mitatu,
akapokea zamu yake ya upatu,
akanunua mabati ishirini na mawili,
geji ishirini na nane.
"Thelathini ni karatasi," alisema,
"upepo utaisoma na kuitupa."
Tukaezua nyasi. Panya wakahama na hasira zao.
Usiku ule mvua ikapiga, hatukusikilizana.
Mama alikuwa anasema jambo, mdomo unacheza tu,
nasi tukacheka hadi mbavu zikauma.
Hakuna aliyemuuliza baadaye alisema nini.

Bwana Prosser, wa ng'ambo ya kijito,
alinyoosha fimbo yake juu ya ghala letu:
"Baba aliliezeka hilo baada ya vita.
Bati ni la ng'ombe, mama. Watu hulala chini ya jiwe."
Wiki iliyofuata akaja Bi Hollis wa halmashauri,
buti mpya, faili chini ya kwapa,
akasimama mbele ya kutu ile ile
kama aliyeingia kanisani.
"Hii ndiyo sura ya mahali," alisema. "Msiipoteze."
Kutu!
Nilitamani kumpigia mama simu. Ana miaka minne kaburini.

Halafu popo.
Kijana mmoja alikaa jioni mbili kwenye kiti cha kukunja,
akahesabu kumi na mmoja.
Sheria iko upande wao: nyuma ya mbao za ukuta
iachwe nafasi ya kidole gumba, waingie, watoke.
"Wapangaji wasiolipa," alinung'unika fundi Gwilym, akipima.
Wahenga walisema nyumba njema si mlango.
Ukuta hawakuutaja;
labda hawakuwahi kuomba kibali.

Februari upepo ukaja kutusaidia kuchagua.
Bati jeusi tulilikuta kwa kondoo wa Prosser.
Kigae cha udongo kilinywa maji, maji yakaganda, kikapasuka.
Mlachi mtupu ulikuwa umeota mvi, ukapendeza;
huo tukaukubali bila neno.
Jiwe halikutikisika.
Wala bati tupu.
Tukabaki tunatazamana, mume na mke.

Nikachukua kopo la kumwagilia bustani,
nikamwinamisha Emrys chini ya lile bati, nikamimina.
Akatoka na maji shingoni.
Hakusema kitu. Alikwenda kumpigia fundi.

Sasa Gwilym anasema chini ya bati ataweka sufu ya kondoo,
nene, baridi isipenye, wala sauti.
Wala sauti.
Nikafikiri kidogo. Nikasema weka, huku ni Shropshire.
Ila kile kibanda cha kuni, pale nyuma,
usiweke chochote. Bati na misumari, basi.

Mvua ikianza nakwenda kuchagua kuni ambazo sizihitaji.
Emrys hunifuata, husimama mlangoni,
mdomo wake unacheza.
Namwitikia kwa kichwa.