Kamba za Bi Zuhura

Ukuta wa Kuze haupendi msumari.
Ni matumbawe na chokaa, umri wake haujulikani;
ukigonga, unakumwagia unga wa chumvi usoni,
kisha msumari waanguka, kama uliotemwa.
Tumejaribu tangu alasiri. Misumari kumi na saba,
na Msallam amejipiga kidole, anakinyonya kimya.

Mimi ndiye katibu. Nina daftari,
kalamu mbili, moja haiandiki,
na kibali cha kaunti chenye mihuri mitatu
kinachotamka kwamba uchochoro huu, kesho,
tangu saa mbili hadi magharibi,
ni maonyesho.
Juzi ulikuwa njia ya kwenda kununua mkate wa mofa.

Naandika vibandiko: jina la kazi, msanii, bei.
Twalib, aliyechora nusu ya mabango ya mji huu,
kinyozi, bucha, mng'oa meno, Usikojoe Hapa,
aniuliza jina la kazi ndiyo nini.
"Miaka thelathini naandika majina ya wengine."
Ameleta samaki mmoja, changu,
wa buluu, bila duka chini yake.
Anamtazama
kama mzazi aliyebaki getini siku ya kwanza ya shule.

Musyoki katoka Changamwe na gunia begani.
Twiga wa watalii kawaacha huko.
Ndani ya gunia mna mkono wa mamake, wa mpingo,
umeshika uteo, na uteo hauna kitu.
Bei?
Akajikuna shingo. Andika, akasema. Halafu, futa.

Na Khairiya je, ambaye kazi yake
huisha na sabuni baada ya wiki mbili?
Hina utaitundika wapi?
"Niwekeeni kigoda na feni," akasema,
"mikono itakuja yenyewe.
Nyinyi mtakuwa mshafunga,
maonyesho yangu yako Likoni yanasukuma chapati."

Kadzo hakualikwa. Ana miaka kumi na minne,
huchora kwa makaa ya chini ya karai
mamake akishamaliza kukaanga viazi.
Karatasi zake zanukia ukwaju na mafuta.
Nikamuandikia kibandiko cha kwanza kilichonyooka.

Tangazo nililiandika mwenyewe, kwa chaki, ubaoni:

*Jumamosi ikifika, tokezeni majirani,*
*tiketi hatukuweka, wala mlinzi mlangoni,*
*picha zimetundikika, juu ya kamba njiani,*
*mkipenda mtacheka, msipopenda nuneni.*

Msallam akasoma, akauliza, "Kamba gani?"

Hapo ndipo tulipoinua vichwa.
Dirisha hadi dirisha, juu yetu siku zote,
kamba za Bi Zuhura,
na nguo za Bi Zuhura, mbichi.

Tukapiga hodi watu watano kwa deni la kamba tatu.
Akatusikiliza hadi mwisho, mkono kiunoni.
"Kamba chukueni. Vibanio chukueni.
Leso zangu haziteremki.
Mimi hufua Ijumaa, nguo zikalala nje hadi Jumamosi,
tangu kaunti haijawa kaunti."

Basi picha zikapishana na leso.
Makaa ya Kadzo, leso; samaki, leso, kanga la mjukuu la kulalia.
Nikakata kibandiko kingine, nikaandika:
*Leso, pea moja. Bi Zuhura binti Shee. Haiuzwi.*
Jina la kazi halikunipa taabu, lilikuwa limeshapigwa chapa pindoni:
USINIHESABIE MISHONO, NGUO HUKUNINUNULIA.
Twalib akalisoma mara mbili, midomo ikimcheza.
"Kumbe," akasema. Hakuendelea.

Saa nne usiku stima ikapotea.
Tukawasha tochi za simu, tukatembea chini ya kamba
kama wageni wa kesho, shingo nyuma,
maji ya leso yakitudondokea utosini.
Samaki angali hana jina.
Musyoki ameufunika ule mkono kwa gunia, asije akapata baridi;
hivyo ndivyo alivyosema, na hakuna aliyecheka.

Juu, dirisha likafunguka.
"Nyie! Huyo samaki wenu kaenda upande!"

Twalib akapanda ngazi gizani,
akamsogeza kidole kimoja kushoto,
akangoja.

"Hapo," likasema dirisha.