Ukoko

Tangu Alhamisi nilikuwa nakifua kitambaa cha Meza.
Nilikiloweka kwa limau, nikakianika juani,
nikakitia wanga wa muhogo kama alivyonifunza mama mkwe,
na bado doa la divai ya Pasaka likabaki pembeni,
dogo, rangi ya chai,
kama kisiwa ambacho hakuna aliyekiomba.

Kesho yake Usoke tungeshiriki.
Nilifunga tangu asubuhi, maji tu.
Zaburi ya toba niliisema bila kufungua kitabu,
viatu vya Mboje nikavipaka dawa,
na moyo nao, nikasema, u tayari,
umekunjwa mara nne, pembe kwa pembe.

Ndipo pasi ikanizimikia.
Makaa yote majivu, jikoni hakuna hata cheche,
na saa mbili ile ya usiku, nikisimama uani,
moto niliouona ukiwaka ulikuwa mmoja tu:
kwa Nyanzobe.

Nyanzobe, mwoka mkate wa kesho.
Nyanzobe aliyepitisha marobota yake matatu ya tumbaku
kwa mnunuzi wa usiku,
deni lake la mbolea likatuangukia sisi kumi na wawili wa kikundi,
mimi nikalilipa kwa mabati
niliyokwisha kuyaezeka kichwani, ishirini na manne.
Nami ndiye niliyemwita mwizi kisimani
mbele ya mwanawe wa darasa la tatu.
Mtoto hakunitazama. Aliendelea kuteka.
Ndoo ikafurika, akaendelea kuteka.

Misimu miwili.
Tunaimba sauti ya pili sote, benchi moja,
katikati yetu tumeweka mkoba.

Bwana, niseme kweli: sikutoka kwa ajili yako.
Nilitoka kutafuta makaa.
Treni ya Kigoma ilikuwa ikipiga honi stesheni,
nikafurahi, maana hodi yangu ya kwanza haikusikika.
Ya pili ikasikika.
"Karibu," akasema,
kwa sauti ya kumkaribisha mtoza ushuru.

Mikono yake ilikuwa ndani ya kinyunga.
Hakuweza kunipa kiganja, akanipa kifundo cha mkono
kama tupeanavyo tukiwa kazini.
Nikakishika, kina unga, kina joto,
nikasahau kukiachia.

Hotuba niliyoitunga misimu miwili haikuja.
Nilisema tu, "Mtoto wako. Siku ile ya kisimani."
Akasema, "Anakuogopa mpaka leo."
Kisha akasema habari za mumewe, kitanda cha hospitali,
risiti moja juu ya nyingine,
si kwa kujitetea, bali kama mtu ahesabuye magunia.
Nami nikasema habari za mabati.
Hakuna aliyemfutia mwenzake kitu.
Deni lipo. Robota moja msimu ujao,
Mungu akipenda, na mvua ikipenda.
Lakini tulikuwa tumekaa chini, kigoda kwa kigoda,
na mkate ulikuwa sufuriani,
makaa juu, makaa chini,
mpaka harufu ikatuinua sote wawili kwa mayowe.

Leo mchungaji Kasanda ameumega,
akageuza kipande, akautazama ukoko mweusi,
akatazama upande wa kwaya.
Nyanzobe aliinamisha kichwa kama mwenye kutubu.
Mabega yake yalikuwa yakicheka.
Nikaumeza wangu: uchungu kwanza,
halafu, taratibu, ngano.

Kitambaa kilinyooka chote isipokuwa pale penye doa.
Nilikitandika hivyo hivyo.

Mtoto hakuja kukaa nasi. Alikaa dirishani,
macho kwangu, macho nje, macho kwangu.
Mkoba nimeuweka chini, miguuni.
Pale ulipokuwa, benchi ni tupu,
nami sijajisogeza.