Asilimia Tisini na Saba

Kwa Mufunga, Kamalondo, printa zimepangwa mezani
kama kuku wa kuuzwa, waya zimewafunga miguu.
Niliingia na karatasi ngumu kwapani,
gramu mia na sitini, na swali moja tu:
inaingilia wapi, inatokea wapi?
Akacheka. "Mama, bantu banaulizaka bei."

Ya leza, akasema, inachapa mbio,
na unga wake hauogopi maji.
Nikaomba ukurasa wa mfano, nikaukunja mara moja.
Penye mkunjo rangi ikabanduka, ukabaki mfupa mweupe.
Treni yangu ina mikunjo mia mbili na kumi.
Hapana.

Nyingine ilimeza karatasi tumboni, ikaipindua,
ikaitapika mbele na kiuno kilichopinda.
Hapana tena.
Nikachukua kongwe ya wino, rangi ya meno ya mvutaji,
yenye mdomo mgongoni:
karatasi inashuka wima na kupita
kama barua chini ya mlango.
Dola thelathini na tano. Kebo aliniambia nitafute mwenyewe.

Wiki ya kwanza buluu iligoma.
Kijani cha injini kikatoka njano tupu,
njano ya mtu mwenye homa ya ini.
Kitufe cha kusafisha kinakunywa wino kuliko kazi yenyewe,
basi nikakunja kitambaa, maji vuguvugu, tone la spiriti,
nikakilaza kichwa chake juu yake usiku kucha.
Asubuhi buluu ikaja, kwanza mistari, halafu yote.

Wiki ya pili ilikuwa vumbi letu la Katuba,
jekundu, limepaka mipira ya ndani mpaka inateleza.
Ya tatu, gundi: niligusa mapema, wino ukalia.
Tangu hapo napuliza kwanza dawa ya nywele ya Honorata,
nasubiri. Honorata hajui inakwisha vipi.

Ila magurudumu.
Umeme ulikuwa umekatika siku tatu,
nikayachapisha kwa kijana mmoja mwenye jenereta.
Nikakata, nikabandika, nikampa baba.
Miaka thelathini na mmoja katika karakana ya reli;
macho yamekwenda, vidole bado vinaripoti kazini.
Akapitisha kidole gumba.
"Hii imekonda."
Nikamwambia vidole navyo vinazeeka.

Akadai kalipa yake, ile aliyoifunga kwenye kitambaa cha grisi.
Akabana gurudumu, akakaza skrubu, akaninyooshea:
"Soma."
Ilipaswa kuwa thelathini.
Nikasoma ishirini na tisa, na nywele moja.

Kijisanduku kimoja tu, kijana hakukiondolea alama:
kutosheza ukurasa.
Mashine ilifanya wema. Haikutaka kitu kikatwe pembeni,
ikapunguza kila kitu kidogo, kwa haki, bila kelele.
Asilimia tisini na saba.
Ukitazama huoni. Mpaka uunganishe
na kitu kilichochapwa kwa ukubwa wake.

"Pensheni yangu," baba akasema,
"nayo waliichapa na hicho kijisanduku."
Akacheka peke yake, akakohoa.

Usiku umeme ukarudi. Nikaondoa alama, nikaandika mia,
nikachapa mraba wa majaribio, nikaupima mara mbili.
Halafu magurudumu: moja, matatu, sita.
Kwenye la tisa giza likaanguka mtaa mzima,
karatasi nusu ndani, nusu nje,
na mkono wangu tayari ukingoni mwake.
"Usivute," alisema baba.
Sikuwa nimemwambia kitu; alisikia mipira ikisimama.
"Ukivuta utaivunja meno. Acha."

Nikaacha. Tukakaa.
Akapapasa mezani, akaliokota lile lililokonda,
akalibingirisha kwenye giza kuja upande wangu.
Lilikwenda vizuri tu.
Nikalirudisha.