Padi Namba Mbili

Mhoja wa vyuma chakavu, pale Mlango Mmoja,
anauza gemu kwa kilo.
Nikamwambia hii ya kijivu ni plastiki tupu, haina uzito.
Akaitupia kwenye mizani pamoja na pasi na nusu ya feni,
akanidai elfu nne na mia tano kwa vyote.
Nikalipa. Pasi nimemwachia jirani.

Kibandani kwangu Makoroboi ziko ishirini na moja.
Mke wangu anaziita wake wenzake.
Moja ilinyeshewa masika nzima juu ya mawe ya Mabatini
baada ya ukuta kuanguka na wenyewe kuhama.
Moja ilitoka Nansio imejaa usubi wa ziwani:
uliifuata ile taa ndogo nyekundu,
ukaingia kwa matundu ya hewa, ukafia humo,
laini kama unga wa mtama.
Niliutoa kwa mswaki. Meza ilinuka dagaa siku tatu.
Na ipo kaseti inayojitangaza michezo 9999.
Nimeihesabu usiku mmoja mpaka luku ikalia:
ni saba.
Iliyobaki ni hiyo hiyo saba, imebadilishwa suruali.

Mimi sipulizi kaseti.
Utotoni tulipuliza sote, kwa imani,
kumbe tulikuwa tunapanda kutu.
Pamba ya masikio, spiriti, subira. Basi.

Ya Mhoja nikaigeuza.
Chini, kwa msumari: NYANJIGE IGOGO USIIBE.

Nyanjige alishona nyavu sebuleni kwake,
TV ya chogo juu ya friji iliyokufa,
dakika kumi shilingi hamsini.
Mimi nilikuja na mikono tu.
Aliniacha nisimame mlangoni wiki nzima,
kisha akasema, macho hayajatoka kwenye wavu:
"Wewe wa kandambili moja. Shika namba mbili.
Utakuwa beki."

Miezi mitatu nilikuwa beki.
Wenye hamsini zao walishambulia kwa namba moja,
mimi nikalinda.
Nilibonyeza, mabeki wakakimbia.
Nilibonyeza kwa nguvu zaidi, wakakaba.
Niliwazuia watoto wa Mkuyuni mpaka wakatukana.
Nilitumwa chumvi saa nane, nikaifikisha saa moja,
nikachapwa, na katikati ya fimbo
nilikuwa nawaza ile krosi niliyoiondoa.

Sasa bisibisi. Skrubu tano, moja haipo.
Nikaifungua padi namba mbili nikitafuta ugonjwa.

Waya umekatwa.
Si panya, panya hutafuna vibaya.
Si uchakavu.
Umekatwa kwa wembe, mara moja, sawasawa,
ncha mbili zimekunjwa zisionane,
na juu yake uzi wa bluu wa nyavu, fundo lile lisiloteleza,
ili mtoto akivuta kwa hasira
usije ukachomoka, akajua.

Nikaweka chini chuma cha kulehemu.
Moshi ukaendelea peke yake.
Mabeki walikuwa wanaendeshwa na mashine.
Krosi ile pia.

Dakika moja ya kazi: kukwangua, kugusisha, tone la risasi.
Kila kitu humu ndani kinawaka, hiyo ndiyo sifa yangu mjini.
Nikafunga skrubu nne
na fundo nikaliacha.

Lugembe hupita akitoka shule,
hushika wavu wa dirisha langu kwa vidole vyote kumi, haulizi bei.
Jana nikamwita ndani. Nikamkabidhi namba mbili
kwa sauti ya mtu asiyetoa macho kwenye kazi:
"Wewe utakuwa beki."

Akabonyeza mara mbili.
Akaibinua. Akanusa tundu la waya.
"Fundi, padi yako imekufa."

Siku hizi hawadanganyiki hata kwa huruma.
Nikampa namba moja, iliyo hai,
nikaishika ya Nyanjige mwenyewe.

Akashambulia yeye. Nikabonyeza mimi.
Na mabeki wangu, jamani,
walinitii.